Waliopalilia Matumbawe Yangu

Nimekasirika mara nyingi maishani na sioni haya kulisema. Nimemkasirikia fundi aliyenijengea choo kikaegemea upande. Nimeikasirikia mvua ya Novemba iliyonyesha siku tatu ikakata, ndengu zikiwa bado urefu wa kidole. Baba yangu, Mungu amrehemu, nilimkasirikia miaka miwili mizima kwa sababu ya mpaka wa shamba. Hasira hizo zote zilikuwa na mahali pa kwenda. Ninayotaka kuisimulia hapa haikuwa na pa kwenda, kwa sababu walionikosea walikuwa wamenibebea maji kwa mgongo na kwa punda, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka hospitali na mshono tumboni.

Ninafuga matumbawe. Naishi Kyuso, kaskazini ya Kitui, na sebuleni kwangu, kati ya kabati la vyombo na dirisha, kuna tangi la kioo lenye lita mia mbili za maji ya bahari. Maji yenyewe hayajawahi kuiona bahari. Ni ya mvua, yameteremka kutoka kwenye mabati yangu, nikayachuja kwa mkaa maalumu na kuyachanganya na chumvi ya matangi ninayoagiza Nairobi. Ndani hamna samaki. Kila mgeni huuliza samaki wako wapi, na nikisema hamna, hunitazama kama mtu aliyejenga zizi akasahau kununua ng'ombe.

Matumbawe ni wanyama. Nalisema mapema kwa sababu watu huyaita maua na nimechoka kuwasahihisha. Yangu ni yale laini, yasiyo na mifupa ya mawe; ukiyagusa ni kama kugusa sikio la mbuzi. Kulikuwa na ya aina tatu. Ya kwanza niliyaita viganja, kwa sababu yalifumba na kufumbua mchana kutwa kama mikono midogo inayoomba kitu. La pili lilikuwa zulia la kijani lililotambaa juu ya mawe, kila uzi wake na nyota ndogo nchani. Na la tatu, lililonileta hapa, lilikuwa uyoga wa ngozi: shina nene la rangi ya maziwa yenye majani ya chai, na juu yake kofia pana iliyojaa vidole vifupi vinavyocheza na mkondo wa maji. Nililipata likiwa kipande cha ukubwa wa dole gumba. Mwaka huu ninaouzungumzia kofia yake ilikuwa pana kuliko sahani ya wali.

Lilitoka pwani, katika hoteli niliyoifanyia kazi miaka kumi na mmoja. Niliingia kama mfagiaji wa mapokezi, na mapokezi kulikuwa na tangi kubwa, na fundi wa tangi alikuwa mzee mvivu aliyegundua kwamba akinifundisha mimi, yeye atapata muda wa kulala. Akanifundisha vizuri. Hoteli ilipofungwa wakati wa korona, meneja alitwambia tumwage kila kitu kilichokuwa ndani. Nikamuuliza kama naweza kuchukua. Akasema chukua, kwa sauti ya mtu anayekuambia uchukue taka. Hiyo ndiyo zawadi niliyotoka nayo baada ya miaka kumi na mmoja: vipande vitatu vya matumbawe ndani ya ndoo mbili zenye vifuniko. Vilikuja Kyuso ndani ya lori la mfanyabiashara wa mbuzi lililokuwa linarudi tupu kaskazini, nami nimekaa juu ya turubai, nimezikumbatia ndoo, nimejaa harufu ya beberu.

Nikafungua duka la dawa za mifugo, nikakaa katika nyumba ya wazazi wangu waliokwisha kufariki, na nikaanza vita na hali ya hewa. Matumbawe hayapendi joto na Kyuso ni joto. Nikaweka feni ndogo inayotumia sola, inayopulizia uso wa maji. Feni hupoza, lakini hukausha. Wakati wa kiangazi tangi langu hupoteza lita tano kwa siku, na hapa ndipo watu wote hupotea, kwa hiyo nitalisema polepole. Kinachokauka ni maji. Chumvi haiendi popote. Ni kama mchuzi uliosahaulika jikoni: ukipungua unazidi chumvi, na mpishi mwenye akili huongeza maji, haongezi chumvi. Kwa hiyo kila asubuhi nilimwagia maji ya mvua matupu, matamu, kopo kwa kopo, hadi kwenye alama niliyochora pembeni.

Maji ya mvua. Kyuso. Unaweza kukisia yaliyosemwa.

Jirani yangu, aliye mwenyekiti wa mwethya wetu, ndiye aliyesema kwa sauti. Mwethya ni kundi la kazi la akina mama: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mtu akifiwa au akiugua kundi linahamia kwake bila kuitwa. Mimi nilikuwa mwanachama wa kuomba radhi, kila mara nina kisingizio cha duka. Mwenyekiti ni mama wa umri wa marehemu mama yangu, mwembamba, mwenye mikono ya mtu aliyechimba matuta maisha yake yote. Namwita mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu. Siku ya kwanza kuliona tangi alisimama mbele yake akiwa amekunja mikono.

"Hii maji yote, mwiitu," alisema. Ndivyo anavyoniita, binti. "Si ungepea mbuzi?"

"Mbuzi hawanywi chumvi, mwaitu. Hii iko na chumvi."

"Kumbe inataka chumvi?"

"Inataka chumvi sana."

Nilisema hivyo ili anyamaze. Sikumweleza habari ya mchuzi. Niliona hawezi kuelewa, na hilo ni jambo ninalojichukia kwalo hadi leo, maana mtu anayejua ni mwezi upi mbuzi wake atakosa maziwa angeelewa habari ya mchuzi kwa nusu dakika.

Walisema pia kwamba yale maua ndiyo watoto wangu. Hilo lilinichoma zaidi ya maneno ya maji. Nina miaka arobaini na minne na sikuzaa, na kwa watu wengine mwanamke asiyezaa hawezi kupenda kitu chochote mpaka kiitwe mtoto. Angekuwa mwanamume anafuga njiwa, wangesema anafuga njiwa.

Kwa hiyo daktari aliponiambia kwamba kizazi changu kina uvimbe na lazima kitolewe chote, sikumwambia mtu. Ningesema, Jumapili ile ile wangenisimamisha mbele ya kanisa, mikono ishirini tumboni mwangu. Nilimwambia mwenyekiti naenda semina ya dawa za mifugo upande wa Makueni, siku tano. Makueni ilikuwa kweli. Nilimwachia ufunguo kwa ajili ya kuku na mbuzi. Juu ya tangi nilikuwa nimetundika ndoo ya maji ya mvua yenye mpira mwembamba unaodondosha tone kwa tone, na nilipima ikatosha siku sita.

"Na hii?" aliuliza, akielekeza kidevu kwenye kioo.

"Hiyo usijisumbue nayo, mwaitu."

Ungefikiri nimezaliwa Ulaya. Kwetu jirani akikwambia usijisumbue, hiyo ni adabu yake tu, na adabu yako wewe ni kujisumbua.

Siku tano zikawa wiki tatu. Nilitoka damu baada ya kupasuliwa, wakanirudisha chumba cha upasuaji, wakaniweka siku kumi. Kisha binamu yangu akanichukua kwake milima ya Kilungu, kwa sababu nisingeweza kusafiri hadi Kyuso na mshono ule. Kilungu ni baridi na kijani, na nyuma ya nyumba yake kuna chemchemi inayotiririka bure usiku na mchana. Nililala nikiisikia, nikihesabu siku tangu ndoo yangu iishe.

Nilikuwa na simu. Usiniulize kwa nini sikuitumia, maana niliitumia. Nilimpigia mwenyekiti nikamwambia semina imeongezwa.

"Sawa mwiitu," alijibu. "Soma vizuri."

Alikuwa anajua. Mama mmoja wa kanisani kwetu alikuwa amekuja hospitali ile kumwona shemeji yake, akanipita kitandani nimelala, akarudi Kyuso na habari. Mwenyekiti alijua nilipo na nilichofanyiwa, na bado akaniambia nisome vizuri, ili nisiaibike. Na mimi nilichohitaji kusema ni kwamba amwagie tangi maji ya mvua kidogo kidogo. Maneno machache. Sikuyasema, kwa sababu kuomba maji matamu kwa ajili ya maua, kwa mama aliyeniambia niwape mbuzi, kulinishinda. Nikajiambia nitamwambia kesho. Nikajiambia hivyo kila siku.

Nilirudi siku ya Alhamisi, mchana, kama nilivyokuwa nimemwambia mwenyekiti kwa simu. Binamu alinishusha langoni na nikasikia wimbo kabla sijaona mtu. Wanawake kumi na wanne walikuwa uani kwangu wamepanga mistari miwili, wakipiga makofi. Ua umefagiliwa hadi mizizi ya mti imeonekana. Mbuzi wamenenepa. Ndengu zimepaliliwa mstari kwa mstari, hakuna gugu hata la dawa. Kulikuwa na chapati, na kuku aliyepikwa hakuwa wangu. Hakuna aliyenitajia semina wala hospitali. Walinishika viwiko pande zote mbili kama yai, wakanipeleka ndani, na njiani nilikuwa nalia, na kilio kile kilikuwa cha shukrani. Naandika hivyo ili ijulikane nilitoka wapi na nikafika wapi kwa hatua kumi.

Tangi lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Maji yanang'aa. Na ndani yake kila kitu kilikuwa kimekufa au kinakufa.

Viganja havikuwepo. Mahali pake palikuwa na utelezi mweupe, kama makamasi. Zulia la kijani lilikuwa limeng'olewa. Mawe yalikuwa uchi, yenye mikwaruzo ya kisu. Uyoga wa ngozi ulikuwa umejikunja ukawa saizi ya ngumi, umebadilika rangi ya jivu, umefunikwa na utando unaong'aa kama nta. Hata kidole kimoja hakikuonekana.

"Tulikuta imekauka nusu," mwenyekiti alisema nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa ya furaha, furaha ya mtu anayesubiri zawadi yake ifunguliwe. "Tukasema hapana. Akipona akute maua yake imekufa, si atarudi hospitali? Tukapanga zamu. Kwa vile ulisema inataka chumvi, hatukuchukua hii kisima ya karibu. Tulienda ile ya chini kabisa, ile hata ng'ombe wanakataa."

Naifahamu ile ya chini. Ni mwendo wa saa moja na nusu. Maji yake yana chumvi inayokausha ulimi, lakini si chumvi ya bahari. Ni magadi na madini mengine ya ardhini, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kutia watoto meno ya kahawia. Mchuzi wangu ulikuwa umekauka ukawa chumvi tupu, na juu yake walikuwa wamemimina mitungi sita ya ile.

"Na nyasi tulitoa," mama mwingine akaongeza. "Ilikuwa imefunika mawe yote. Tulipalilia."

Walipalilia. Walikunja mikono ya nguo zao, wakaingiza visu vya jikoni ndani ya bahari yangu, wakapalilia.

Nilianza kupiga kelele. Sikumbuki yote, lakini ninayoyakumbuka yanatosha. Niliuliza nani aliwaita. Niliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuwaambia waingize mikono yao michafu kwenye vitu vya watu. Nilisema wameniulia kazi ya miaka kumi na mmoja. Sauti yangu ilipanda hadi mshono ukanivuta nikajishika tumbo, na hata hapo sikunyamaza. Mwenyekiti alisema, taratibu, "Lakini mwiitu, maji ya chumvi si ni maji ya chumvi?" Ndipo nikamgeukia, mama yule, mbele ya wenzake, nikamwita mpumbavu.

Neno hilo kwa Kiswahili ni baya. Nililisema kwa Kikamba.

Waliweka vikombe chini, kimoja kimoja, bila kugonganisha. Mwenyekiti akatoa ufunguo wangu kwenye pindo la leso, akauweka juu ya meza, akausogeza kidogo mbali na ukingo usianguke. Kisha wakatoka. Chapati zilibaki zimefunikwa na kitambaa.

Nilibaki na kifaa changu cha kupimia chumvi, na kiliposoma nilitukana tena peke yangu. Kazi ilikuwa wazi: kutoa maji yale, kuingiza maji mapya, na kufanya hivyo polepole, siku nyingi, kwa sababu matumbawe yaliyozoea chumvi kali ukiyatupa ghafla kwenye maji mepesi yanapasuka. Daktari alikuwa ameniambia nisiinue kitu kizito kuliko birika kwa wiki sita. Na watu kumi na wanne ambao wangenibebea bahari nzima nilikuwa nimewafukuza muda huo huo.

Nilikwenda uani kwenye tangi langu la maji ya mvua, lile linalokinga mabati, nikiwa na hakika nitalikuta tupu. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Bomba lilikuwa limefungwa kwa kitambaa na fundo juu ya fundo. Katika wiki tatu za kiangazi, wanawake wale walikuwa wamenipikia, wamewanywesha mbuzi wangu, wamefua mashuka yangu, na hawakuchota hata tone. Walikuwa wamebeba maji ya kazi hizo zote kutoka kwingine. Maji matamu waliniwekea mimi, ya chai, nikirudi mgonjwa. Nilisimama pale na hasira yangu na sikujua niishike wapi. Nilitamani wangekuwa wamelimaliza. Ningepata mahali pa kuigonga.

Nikaanza kwa kopo. Kopo moja nje, kopo moja ndani, nikikaa kwenye kiti kati ya kila makopo manne. Asubuhi makopo kumi, jioni makopo kumi. Nilitoa utelezi wa viganja kwa kijiko, ukinuka mayai viza. Niliigeuza pampu ili mkondo uupige uyoga wa ngozi moja kwa moja, na kila asubuhi nilitia pua juu ya maji. Tumbawe la aina ile hujifunga namna hiyo linapokufa, na hujifunga namna hiyo hiyo linapojivua ngozi ya juu ili kujisafisha. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa pua unaweza, lakini kwa kuchelewa: siku litakaponuka, limeshaondoka.

Sikulihurumia kama mtoto. Nasema tena, kwa faida ya wanaopenda kusema. Nililitaka liishi kwa sababu lilikuwa ushahidi pekee kwamba miaka kumi na mmoja sikuwa nafagia tu. Lingekufa, ningekuwa mwanamke aliyerudi kutoka pwani mikono mitupu, na tumbo tupu juu yake, na maneno yote ya watu yangekuwa yamenitosha kama nguo niliyoshonewa.

Siku ya tano lilikuwa vile vile. Siku ya tisa lilikuwa dogo zaidi. Mshono ulikuwa umeanza kutoa majimaji upande mmoja, nikaufunga kitambaa nikaendelea na kopo langu, kwa sababu mimi ndiye yule yule aliyesema semina. Siku ya kumi na tatu utando wa nta ulipasuka pembeni, mkondo ukaushika, ukaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, laini, safi. Siku mbili baadaye vidole vilitokea ukingoni, vifupi kuliko punje za mchele. Nilipiga kelele za furaha, halafu nikatazama mlangoni kama kuna aliyesikia. Hapakuwa na mtu.

Jioni hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilibeba sukari na majani ya chai, kama inavyotakiwa. Alinikaribisha, akafuta kiti kwa leso, akanichemshia chai. Nilimwomba msamaha kwa neno nililomwita. Sikusema kwamba hawakukosea, kwa sababu walikosea, na hata nikiwa na haya ulimi wangu una mipaka yake.

"Imeisha, mwiitu," alisema. "Maua iko?"

"Moja iko, mwaitu. Ile kubwa."

"Mungu asifiwe."

Akaniombea, sala ndefu, macho amefumba. Ilikuwa adabu tupu, na nilirudi nyumbani nikijidanganya kwamba mambo yamekwisha, kwa kuwa yeye mwenyewe alisema yamekwisha.

Kisha homa ikanishika. Mshono ulikuwa umeingia uchafu, na daktari wa kituo alinipa sindano na kuniamuru nilale chali, nisishike hata ufagio. Nililala kwenye kochi, mbele ya tangi. Siku ya pili nilisikia sauti mlangoni.

"Hodi. Tunaweza kuingia?"

Mlango ulikuwa wazi. Katika maisha yangu yote Kyuso sijamwona mwanamke wa mwethya akisimama nje ya mlango ulio wazi wa mgonjwa.

"Ingieni!"

Waliingia watatu, mwenyekiti na wenzake wawili, na chupa ya uji. Wakabaki wamesimama.

"Tukae hapa?"

"Kaeni popote, jamani."

"Kikombe tutumie gani?"

"Chochote!"

"Hii ni ya watu ama ni ya maua?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ameshika kikombe cha bati kwa vidole viwili, amekiinua nikione, na alitaka kujua kweli. Waliuliza kama wanaweza kufungua dirisha. Waliuliza kama wanaweza kuwasha jiko, na kwa kuni zipi. Kuku aliingia ndani, akatembea katikati ya sebule, na wanawake watatu ambao maishani mwao hawajawahi kumwacha kuku atembee ndani ya nyumba walimtazama akipita, kisha wakanitazama mimi. Nilihisi hasira ikinipanda kama homa yenyewe. Nilitaka kuwaambia waache upuuzi. Lakini nilikwisha kuwaambia, siku ile ya Alhamisi, kwa sauti ya juu, wasiguse vitu vyangu.

Kwenye kioo maji yalikuwa yameshuka vidole viwili chini ya alama. Feni ilikuwa inapuliza. Uyoga wa ngozi ulikuwa umefunguka karibu wote, vidole vyake vinacheza, na kila saa iliyopita mchuzi wake ulikuwa unazidi chumvi.

"Mwaitu," nilisema. "Nisaidie. Ule mtungi wa bluu ni maji ya mvua. Mwagia kopo tatu tu hapo juu. Nitakuonyesha mahali pa kukoma."

Mwenyekiti aliutazama mtungi. Akalitazama tangi. Kisha akaingiza mikono yake miwili chini ya leso, mikono ile iliyobeba maji kutoka kisima cha chini.

"Hiyo hapana, mwiitu," alisema kwa upole. "Hiyo ni yako. Hatujui yako ile inaguswa na ile haiguswi."

Niliwatazama wale wengine wawili. Walikuwa wanatazama sakafu.

Nikainuka. Nikajishika kwenye kochi, kisha kwenye kabati, kisha kwenye kioo. Nikachota kopo la kwanza nikamimina, nikapumzika, nikachota la pili. Wanawake watatu wa mwethya walikuwa wamekaa kwenye viti vyangu, mikono mapajani, wananiangalia nikibeba maji, na hakuna hata mmoja aliyesimama.